Bomba Moja la Grisi kwa Kila Kijiji

Masika hayako mbali. Kabla mvua ya kwanza haijalainisha udongo mwekundu wa njia zetu, naomba nusu saa yako, ndugu mwenye pikapu kuukuu. Naomba na ya dereva wako, ya utingo, ya fundi wa pale njiapanda, ya mwenyekiti wa kijiji, na yako wewe unayepanda nyuma siku ya gulio ukakaa juu ya gunia la karoti. Ninachoomba ni grisi. Grisi kwenye propela, grisi na tone la oili kwenye viungo vya klachi, kila mwezi, bila kusubiri gari lilie.

Niko huku juu ya Lushoto, upande wa kwenda Mtae. Gari linaloshusha kabichi zetu sokoni ndilo linalompeleka mzazi hospitali usiku, ndilo linaloleta saruji ya darasa, ndilo linalorudisha maiti nyumbani. Kadi yake imeandikwa jina la mtu mmoja, lakini likilala siku tatu kwa fundi, kijiji kizima kinahesabu hasara.

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, nilikuwa nyuma ya Land Rover 109 ya Series IIA, ile ya mgongo wazi, tunateremka kuelekea Lushoto. Tulikuwa watu tisa na magunia kumi na mawili. Kwa majuma kadhaa gari lile lilikuwa likitoa mlio, tang!, kila dereva alipotoka rivasi kuingia gia ya kwanza. Dereva aliusikia. Mwenye gari aliusikia. Mimi niliyekuwa nikilipanda kila gulio niliusikia pia, nikadhani si kazi yangu kusema. Kwenye mteremko mmoja mlio ule ukawa mpasuko, na chini ya sakafu kitu kikaanza kupiga kama mtu aliyeshika mchi. Dereva akavuta breki ya mkono. Gari likaendelea kuteremka.

Kwenye Land Rover hizo breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Dramu lake limefungwa nyuma ya transfa, pale propela ya nyuma inapoanzia. Inachokishika ni propela, na propela ndiyo inayoyashika magurudumu. Propela ikikatika, breki ya mkono inabaki imeshika chuma ambacho hakijaungana na kitu. Injini nayo, ambayo mteremkoni hulizuia gari lisikimbie ukiwa kwenye gia ndogo, inabaki kunguruma peke yake. Inakubakia breki ya mguu tu. Siku ile breki ya mguu ilikuwa nzima, na dereva wetu akawahi kuliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima, mbali na bonde. Tukasimama. Utingo akaruka na gogo, akalisukumiza chini ya gurudumu.

Kati yetu alikuwamo bibi mmoja aliyekuwa anakwenda kliniki ya macho. Daktari wa macho huja mara moja kwa mwezi. Bibi alishuka, akakaa juu ya gunia, akafungua pembe ya kanga yake, akaitazama kadi ya kliniki, akaifunga tena. Hakumlaumu mtu. Dereva akafungua nati nne pale kwenye dramu, akakitoa kipande cha propela kilichobaki, akabonyeza kile kirungu cha manjano cha kuunganisha magurudumu ya mbele, na gari likaturudisha kijijini pole pole likivutwa na mbele tu. Kliniki ikapita.

Jioni fundi aliniwekea kiganjani ile krosi ya propela iliyovunjika. Ni msalaba mdogo wa chuma, unaenea mkononi, wenye mikono minne. Kila mkono huvalishwa kikombe, na ndani ya kikombe zimepangwa sindano nyembamba za chuma, zimebanana kama punje kwenye gunzi la hindi, ili msalaba ugeuke bila kusagika. Vikombe vitatu vilikuwa vimeshatoweka barabarani. Cha nne alikigonga kwa nyundo kikafunguka. Hakikuwa na sindano tena. Kulikuwa na unga mwekundu, mkavu, kama matofali yaliyosagwa. Katikati ya msalaba ule kuna chuchu ya kupitishia grisi, na ilikuwa imezibwa na tope lililogeuka jiwe. Fundi aliichokonoa kwa msumari akaniambia, "Mzee wangu, hapa hapajaguswa tangu masika ya mwaka jana."

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kulala chini ya magari ya watu, na nimejifunza mengi kutoka kwa mafundi wanaoijua kazi hii. Naomba niyaseme kwa utaratibu, maana wengi wetu tunalipia grisi bila kujua inakwenda wapi.

Pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, kama Land Rover 109 au Land Cruiser za 70, ina propela mbili: moja ya mbele, moja ya nyuma. Kila propela ina krosi mbili, moja kila mwisho, na mahali pamoja penye meno ambapo kipande kimoja kinaingia ndani ya kingine, ili propela irefuke na kufupika gari linaporuka mashimo. Kwa hiyo hesabu ya kawaida ni sehemu sita za kutia grisi. Sita tu. Pikapu ndefu zinazovuta nyuma peke yake mara nyingi zina propela ya vipande viwili yenye beringi katikati, kwa hiyo hesabu hubadilika. Na zipo krosi zilizofungwa kabisa kiwandani, hazina chuchu; hizo huzitii grisi, unazikagua na kuzibadilisha zikianza kucheza. Lala chini ya gari lako, hesabu mwenyewe, uandike idadi kwenye daftari. Fundi akikwambia amemaliza, muulize ametia ngapi.

Kabla ya kupachika bomba, futa chuchu kwa kitambaa hadi chuma kionekane. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Ukipachika juu ya tope unasukuma mchanga hadi kwenye zile sindano, na bora ungeliacha gari. Kisha sukuma taratibu, maana bomba la mkono lina nguvu kuliko linavyoonekana na linaweza kupasua sili. Tazama vikombe vyote vinne. Grisi kuukuu itatoka kwanza, nyeusi, halafu itafuata mpya. Ikitoka kwenye vitatu na cha nne kikagoma, sogeza gari kidogo ili krosi igeuke, ujaribu tena. Kile kikombe kinachogoma ndicho kitakachotuacha mlimani. Na ukiona kinachotoka ni maji yenye rangi ya kutu, usijifariji kwamba umewahi. Nunua krosi nyingine wiki hiyo hiyo.

Kwenye yale meno yanayoingia na kutoka, mkono uwe mwepesi. Grisi ikijaa kupita kiasi hukosa pa kwenda, na propela ikitaka kufupika shimoni inazuiwa, inasukuma beringi za transfa na za difu. Ukiona propela inaanza kujinyoosha kidogo unapotia, acha.

Na propela ikifunguliwa kwa sababu yoyote, pigeni alama ya chaki au patasi pande zote mbili kabla ya kuitenganisha. Yale makoleo mawili yanayoshika krosi za mwanzo na mwisho lazima yarudi yakiwa yametazamana kama yalivyokuwa. Ukikosea jino moja gari litatetemeka, na abiria watadhani ni barabara.

Sasa klachi. Ajali ya klachi haina kishindo, ndiyo maana tunaidharau, lakini ndiyo inayomaliza pesa za wenye magari huku kwetu. Kwenye Series IIA, zilizotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, pedeli inasukuma oili hadi kwenye silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Silinda inasukuma fimbo, fimbo inageuza mkono wa chuma, mkono unageuza shafti fupi, na shafti hiyo imeunganishwa na nyingine iliyo ndani ya nyumba ya klachi kwa bomba fupi lenye pini mbili. Pini zile zikikosa mafuta huliwa, na matundu yake huwa mayai. Kila kiungo kinapoteza kidogo, na vikijumlishwa pedeli inafika sakafuni huku klachi haijaachia sawasawa. Gia ya kwanza inakwaruza. Rivasi inalia. Dereva anazidisha nguvu mkononi, na mwisho wa mwezi giaboksi inashushwa.

Nimeona giaboksi ikishushwa mara mbili katika miezi mitano, klachi pleti mpya ikafungwa, na gia zikaendelea kulia, kwa sababu pini ya thamani ya soda haikutazamwa. Hakuwa fundi mwizi. Hakufundishwa tu kuanzia nje. Kwa hiyo kabla hujakubali giaboksi ishushwe, fanya jaribio hili la watu wawili. Mmoja akanyage pedeli pole pole sana, mwingine alale chini na tochi. Vyuma vyote vinatakiwa kuanza kusogea kwa pamoja. Ukiona fimbo imeanza kutembea na mkono bado umesimama, au mkono umegeuka na shafti imelala, hapo ndipo penye nafasi, na hapo ndipo pa kutibu. Badilisha pini na bushi, paka grisi, rudisha. Baada ya hapo kila mwezi tone la oili kwenye pini ya pedeli, tone kwenye kiungo cha fimbo, na grisi kidogo pale shafti inapopita kwenye bushi zake. Ni kazi ya dakika kumi.

Wenye kirikuu na pikapu nyingine ndogo zinazotumia waya wa klachi, kagueni nyuzi pale waya unapotoka kwenye ganda lake. Nyuzi tatu zikikatika usizihesabu, badilisha. Waya wa zamani usio na plastiki ndani hufaidi oili. Wenye plastiki hauhitaji.

Kuna mahali ambapo grisi ni sumu. Klachi yenyewe hushika kwa ukavu, na grisi au oili ikifika kwenye pleti itateleza mlimani na kunuka kama kitu kinachoungua. Mkono wako uishie nje. Na kwenye kile kikopo cha oili ya klachi usitie oili ya injini hata siku moja, hata kama umekwama na gulio limefika. Mipira ya ndani huvimba, na ndani ya siku chache unabadilisha silinda zote. Ni oili ya breki tu.

Nalisema na hili kwa sababu naliona kila Jumapili: tunapeleka magari mtoni kuoshwa, kisha tunayapuliza oili chafu chini kwa bomba la dawa ya kunyunyizia mashamba, tukiamini tumeyalinda. Oili hiyo haifiki kwenye sindano za krosi. Inakula mipira, inaficha nyufa, na inachuruzika hadi kwenye maji ambayo dada zetu wanachota mita mia chini yetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu kingo na vyanzo vya maji ndani ya mita 60. Oshea gari mbali na mto, na ukimaliza kuosha ndipo utie grisi, kwa kuwa maji ya kuosha, kama yale ya kuvuka kijito, hupenya kwenye sili. Kwenye vitabu vya wenye magari utakuta mara nyingi kilomita 5,000 kwa kazi ngumu. Kwa njia zetu mimi nasema kila mwezi, na kila baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye propela.

Usalama wako kwanza, kijana wangu utingo, maana wewe ndiye utakayelala chini. Land Rover na Land Cruiser ziko juu kiasi kwamba unaingia bila jeki, na bila jeki ndiyo salama. Kabari za mbao kwenye magurudumu manne, mbele na nyuma. Usiiamini breki ya mkono ya Land Rover hata siku moja ukiwa chini: gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu inaliacha gari litembee ingawa breki imevutwa, na ukifungua propela breki hiyo haipo tena. Jiwe si stendi. Funguo za gari ziwe mfukoni mwako wewe uliye chini, zisiwe mkononi mwa mtu mwingine.

Haya yote dereva mmoja anaweza kuyafanya. Mbona basi nawaita wengi? Kwa sababu dereva hana saa hiyo. Anaamshwa saa tisa usiku kupakia, anarudi jioni, na hesabu ya siku inamsubiri. Mwenye gari, mpe asubuhi moja kwa mwezi ambayo humdai hesabu, umpe na tyubu ya grisi ya lithiamu namba 2, ile ya gramu 400. Tyubu moja ni bei ndogo kuliko gunia moja la kabichi lililooza njiani. Abiria wenzangu, asubuhi hiyo tusimpigie dereva simu tukamwambia anatuchelewesha. Na tukisikia tang! tuseme, siku hiyo hiyo, kwa heshima, mbele ya mwenye gari. Mimi nilinyamaza, na bibi wa watu akakosa daktari.

Viongozi wa vijiji na vyama vya ushirika, bomba la grisi moja linatosha magari yote ya kijiji. Linunuliwe kwa fedha ya wote, likae dukani au ofisini na daftari lake: tarehe, namba ya gari, sehemu ngapi zimetiwa, nani ametia. Daftari hilo litakuwa shahidi siku ya kununua gari kwa jirani au siku ya kugombana juu ya matengenezo. Walimu wa VETA, wakati wa likizo watumeni vijana wenu waje kulala chini ya magari yetu. Watakuta krosi za kila aina ya ugonjwa. Mafundi wakongwe, wale mliojifunza kwenye karakana za serikali na za mashamba ya chai na katani, tunawaomba mkae na vijana hawa mkiwa bado na nguvu za kukunja mgongo. Na ninyi ndugu zetu mlioko Muscat, Uingereza au Marekani, mnaochangishana kuleta gari kijijini, kwenye kontena hilo hilo tieni bomba la grisi na krosi za akiba. Gari bila hivyo viwili mnatuletea furaha ya masika mawili.

Land Rover ya Series III ya mwisho ilitoka kiwandani 1985. Defender ya zamani nayo ilikoma Januari 2016. Haziji tena. Oktoba 2024 Land Rover zilipokusanyika Arusha kutoka kila pembe, wengi tuliona fahari kwamba chuma hiki kuukuu bado kinatembea. Huku milimani hazitembei kwa fahari. Zinatembea kwa sababu hakuna kingine kinachopanda njia hizi mvua ikinyesha. Zilizopo ndizo tulizo nazo.

Sisi tunaanza Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa moja asubuhi, kwenye uwanja ulio mbele ya ghala la mboga. Bomba limeshanunuliwa, tyubu nne zipo, mkeka wa kulalia upo, na fundi aliyenionyesha ile krosi amekubali kuja na spana zake. Land Rover ile ile itakuwa ya kwanza kwenye mstari. Mwenye gari aje na kabari zake na kitambaa cha kufutia. Asiye na gari aje na tochi.